Namna wauguzi wetu walivyojifunza elimu ya dawa



Katika kitabu hiki wengine wamesimulia habari za Mapadri wa kwanza, za makatekista waliotembea kwa miguu toka kijiji mpaka kijiji, na za kanisa letu ginsi lilivyojengwa tofali juu ya tofali. Sisi wauguzi wazee wa parokia tumeombwa kuandika habari za matunzo ya wagonjwa. Habari hizo ni nyingi kupita kurasa tulizopewa. Kwa hiyo tumechagua jambo moja ambalo wagonjwa hawalioni, nalo ni namna muuguzi anavyojifunza dawa. Mgonjwa huona mkono unaoleta kidonge au shindano. Haoni miaka ambayo mkono ule ulifundishwa, wala makosa yaliyoufundisha.

Shuleni somo hilo huitwa farmakolojia, maana yake elimu ya dawa: dawa hutoka wapi, hufanya nini mwilini, huondoka mwilini kwa njia gani, na kwa kipimo gani huponya au huua. Tangu mwaka wa 1538 mganga Paracelsus alikwisha kufundisha kwamba hakuna kitu kisicho na sumu ndani yake, na kwamba kipimo ndicho kinachotenga dawa na sumu. Sisi tulilijua neno hilo kwa kichwa mbele ya kulielewa. Katika historia ya nchi yetu na ya nchi jirani, mara nyingi watu waliumizwa kwa dawa iliyo nzuri yenyewe, kwa sababu mkono ulioitoa ulikuwa umefundishwa kutii bila kufundishwa sababu. Ndilo jambo tunalotaka kuwaonyesha hapa, na hatutaficha sehemu yetu.

Sanduku la dawa la misioni

Mapadri Weupe walipofika pande za Ziwa Tanganyika, mwisho wa karne ya 19, walichukua sanduku la dawa pamoja na vyombo vya Misa. Dawa iliyopita zote kwa thamani ilikuwa kinini, yaani dawa ya homa ya malaria. Kinini hutoka katika maganda ya mti uitwao sinkona, ambao asili yake ni milima ya Amerika ya Kusini. Mwaka wa 1820 Wafaransa wawili, Pelletier na Caventou, walifaulu kuitenga dawa yenyewe na maganda yake. Mbele ya hapo mgonjwa alinyweshwa unga wa maganda, wala hakuna aliyejua nguvu iliyomo, maana ganda moja lilikuwa kali na jingine hafifu. Tangu siku ile iliwezekana kuweka dawa juu ya mizani na kusema: kwa mtu huyu, kiasi hiki.

Katika nchi yetu kinini kilijulikana sana hata jina lake likaenea juu ya dawa nyingine. Mpaka leo tunao wazee wanaoita kila kidonge «kinini», hata kama ni dawa ya kichwa au ya minyoo. Baadaye mti wenyewe ulikuja kupandwa katika milima ya Kivu. Watafiti wa INEAC waliulima Mulungu, na mjini Bukavu kiwanda cha Pharmakina kilitengeneza kinini kwa maganda yaliyovunwa katika mashamba ya jirani. Hivyo dawa iliyoletwa sandukuni toka ng'ambo ya bahari ikawa pia zao la udongo wetu.

Kardinali Lavigerie, mwanzilishi wa Mapadri Weupe, aliona mapema kwamba yafaa Waafrika wenyewe wawe waganga wa Waafrika. Tangu mwaka wa 1881 alituma kisiwani Malta vijana waliokombolewa utumwani, wasome uganga. Mmoja wao aliitwa Adrien Atiman. Alizaliwa pande za Tombouctou, akaibwa utotoni na kuuzwa, kisha akakombolewa na Mapadri. Mwaka wa 1889 alifika Karema, upande wa mashariki wa Ziwa Tanganyika, akakaa hapo kama mganga na katekista mpaka alipofariki mwaka wa 1956. Tunamtaja Atiman kwa sababu alifundishwa elimu kamili. Alijua kupima, na alijua kwa nini anapima. Lakini shule ile ya Malta haikudumu, na kwa muda mrefu vijana wa nchi zetu hawakupata tena mafundisho ya namna hiyo. Walipoitwa kusaidia waganga, waliitwa kwa kazi nyingine.

Mkono uliofundishwa bila sababu

Kazi hiyo ilikuwa kupigana na ugonjwa wa usingizi, ambao mwanzo wa karne ya 20 ulimaliza vijiji vizima kandokando ya mito na maziwa. Dawa ya kwanza iliyotumiwa sana iliitwa atoksili, nayo ilikuwa na arseniki ndani yake, yaani sumu. Miaka ya 1906 na 1907 profesa Robert Koch aliijaribu katika visiwa vya Sese, ndani ya Ziwa Viktoria, nchi ya Uganda. Alipoona kwamba vipimo vidogo havitoshi, alivizidisha. Wagonjwa 22 wakapofuka.

Kisha ikaja dawa nyingine yenye arseniki, jina lake triparsamidi, iliyotengenezwa katika chuo cha Rockefeller mjini New York. Bibi Louise Pearce, mganga Mwamerika, alikuja nayo Léopoldville mwaka wa 1920, akaijaribu kwa uangalifu mwingi. Dawa hiyo iliweza kufika mpaka ubongoni, mahali ambapo atoksili haikufika, na wagonjwa wengi waliokwisha kukatiwa tumaini waliinuka. Lakini nayo iliweza kuharibu mshipa wa jicho. Kwa hiyo kila juma ilipasa kumwuliza mgonjwa kama anaona vizuri, na kusimamisha dawa mara moja akisema anaona ukungu. Huko Bafia, nchi ya Kameruni iliyotawaliwa wakati ule na Ufaransa, kipimo kilizidishwa kupita amri, karibu ya mwaka wa 1930, na watu mamia wakapoteza macho yao.

Katika nchi zile zote shindano nyingi zilichomwa na wasaidizi wenyeji. Wengi wao walikuwa vijana wenye masomo machache. Walifundishwa kuchemsha shindano, kuvuta dawa mpaka alama fulani, kuchoma na kuandika namba katika daftari. Kwa nini alama ile, na kwa nini isipitwe, hawakufundishwa, maana ilifikiriwa kwamba kujua sababu ni kazi ya Mzungu. Wazee wetu wa kazi walikuwa hodari sana kwa mikono. Lakini mtu aliyefundishwa alama tu hawezi kutambua siku ambayo alama yenyewe imewekwa vibaya.

Shule, kisha mwaka wa 1960

Polepole shule ziliinuka. Mwaka wa 1926 Chuo Kikuu cha Louvain kilianzisha kazi ya uganga huko Kisantu, katika Kongo ya chini, iliyojulikana kwa jina la FOMULAC. Baadaye kazi hiyo ilifika hata Katana, karibu na Ziwa Kivu. Wauguzi walifundishwa humo kwa miaka kadhaa, na mitihani ilikuwa migumu. Mwaka wa 1936 ilifunguliwa Léopoldville shule ya wasaidizi wa waganga, na mwaka uliofuata ikafunguliwa nyingine Kisantu. Hao walisoma zaidi ya wauguzi wote. Walijua magonjwa, walijua dawa, na mara nyingi walibaki peke yao katika hospitali za ndani. Walakini hawakupewa jina la daktari wala haki zake.

Uhuru ulipofika, tarehe 30 Juni 1960, Kongo haikuwa na daktari mwenyeji hata mmoja aliyemaliza masomo ya chuo kikuu. Katika miezi ya fujo iliyofuata waganga wengi wa Kibelgiji waliondoka. Shirika la Afya la Ulimwengu lilituma waganga wa nchi nyingine, na makumi ya wasaidizi wa waganga walipelekwa Ufaransa wamalize masomo yao wawe madaktari. Lakini katika dispanseri nyingi za vijijini aliyebaki ni muuguzi, na ufunguo wa kabati la dawa mkononi mwake.

Mbele ya siku ile aliyekosea alisahihishwa na mganga. Tangu siku ile hakuna aliyesimama nyuma yake. Wagonjwa walimwita «Munganga», na wengi wetu mpaka leo tunaitwa hivyo njiani. Jina lilitangulia, na elimu ikapaswa kulifuata mbio.

Darasa letu

Sisi tunaoandika tuliingia shule ya uuguzi katika miaka ya 1970. Vitabu vilikuwa vichache. Mwalimu aliandika ubaoni kwa Kifaransa, nasi tulinakili. Aliyeandika upesi aliazima daftari lake usiku kwa wenzake, na kosa lake la kuandika likawa kosa la darasa zima. Tulikariri majina ya dawa na jamaa zao kama vile watoto wanavyokariri katekisimu: zile za kuua vijidudu, za moyo, za maumivu, za minyoo. Mara ya kwanza tulidhani kwamba anayekumbuka majina mengi ndiye ajuaye dawa.

Sista aliyetufundisha alituondoa katika wazo hilo kwa maswali. Alishika chupa ya penisilini akauliza: «Kwa nini hii tunaichoma kila saa nne au sita, na ile nyingine mara moja tu kwa siku?» Hakuna aliyejua. Ndipo alipotueleza kwamba mafigo hutoa penisilini mwilini upesi sana, kama maji katika kikapu. Basi, ikichanganywa na prokaini, hukaa katika msuli na kuingia damuni polepole, hata kuchoma mara moja kwa siku kunatosha. Tangu hapo saa za usiku za kuamka na kuchoma shindano hatukuziona tena kama adhabu. Tulijua kwamba saa ile isipofuatwa, vijidudu hupumua.

Vilevile alitufundisha kwamba mtoto si mtu mzima aliyepunguzwa. Alitoa mfano wa kloramfenikoli, dawa kubwa ya homa ya tumbo. Mwaka wa 1959 waganga wa Marekani walieleza habari za watoto wachanga waliopewa dawa hiyo, wakageuka rangi ya majivu na kufa. Ini la mtoto mchanga halijakomaa, haliwezi kuivunja dawa ile, nayo hujikusanya damuni siku kwa siku. Kipimo kilichoponya mama kilimwua mwana. Alitufundisha pia kwamba streptomisini, dawa ya kifua kikuu, yaweza kuziba masikio, na kwamba tetrasiklini hutia doa meno ya mtoto anayekua.

Hesabu ndiyo iliyotutoa jasho. Kupima uzito wa mtoto, kuzidisha kwa miligramu, kisha kutafuta ni mililita ngapi zilizo na miligramu hizo. Alama moja ya koma ikisogea, kipimo huwa mara kumi. Sista alitukataza kuandika koma bila sifuri mbele yake, maana koma ikifutika kwa jasho la kidole, nusu hugeuka kuwa tano. Kila mbele ya kutoa dawa tulihesabu kwa vidole vya mkono mambo matano: mgonjwa ni huyu, dawa ni hii, kipimo ni hiki, njia ni hii, saa ni hii.

Kisha tulipaswa kuyageuza yale ya Kifaransa yawe Kiswahili, tena hapo kulikuwa mtego mwingine. Tukimwambia mzee «Kunywa vidonge vitatu kwa siku», alivinywa vyote vitatu asubuhi, apone upesi. Tulijifunza kusema: «Baba, kimoja jua likitoka, kimoja jua likiwa kichwani, kimoja ukienda kulala,» na kumwomba aturudishie maneno kwa kinywa chake mwenyewe. Hata neno dawa ni pana katika lugha yetu. Twasema dawa ya homa, na twasema dawa ya panya. Wazee waliotuachia neno hilo walijua kwamba nguvu ni ile ile, na kwamba yaweza kuelekea pande mbili.

Nusu ampuli

Sasa tusimulie jambo ambalo tungependa zaidi kulinyamazia. Lilitokea wakati wa staji, mwaka wetu wa tatu, katika hospitali ambayo hatutaitaja.

Kinini cha shindano kilikuwa kinafika katika ampuli za mililita mbili, zenye miligramu 250 ndani. Mtoto wa kilo 12 alihitaji miligramu 120, basi nusu ampuli ilimtosha. Watoto wa kimo hicho walikuwa wengi, kwa hiyo ikawa desturi ya chumba cha watoto kusema: «Mpe nusu ampuli.» Wakubwa walisema hivyo, nasi tukasema hivyo. Hakuna aliyetaja miligramu tena.

Siku moja lilifunguliwa sanduku jipya, lililotoka kiwanda kingine. Ampuli zilikuwa za mililita mbili kama zile za kwanza, kioo ni kile kile, maji ya dawa ni yale yale kwa macho. Lakini maandiko yalisema miligramu 600. Mwenzetu alivuta nusu ampuli, akaitia katika chupa ya seromu ya mtoto. Alimpa miligramu 300, zaidi ya mara mbili ya kipimo chake.

Magaribi mtoto alitapika, akatoka jasho la baridi, akalegea. Muuguzi mkubwa alitambua kwamba sukari ya damu imeshuka, maana kinini hufanya hivyo, akampa glukosi mshipani. Mtoto akafumbua macho. Lakini kesho yake mama yake alimwita, naye hakugeuka. Mama akapiga makofi nyuma ya kichwa chake. Hakugeuka.

Mama yule alituuliza: «Wanangu, mumemfanya nini mtoto wangu?» Sisi tulitazama chini. Sista aliketi karibu naye juu ya kitanda, akamwambia: «Mama, tumempa dawa kupita kipimo chake. Kosa ni letu. Tunakaa naye usiku na mchana.» Hakumpa maneno mengine, wala hakumsingizia ugonjwa.

Kisha alitukusanya. Aliweka juu ya meza ampuli ya zamani na ampuli mpya, akatuambia tusome kwa sauti, mmoja mmoja. Tulisoma. Hapo yalitoka maneno ambayo mpaka leo yanatuchoma. Watatu kati yetu walikuwa wamekwisha kuiona namba ile ya 600 asubuhi. Walinyamaza. Walifikiri kwamba wakubwa wanajua, na kwamba mwanafunzi anayeuliza juu ya ampuli ataonekana mjinga. Mwenzetu aliyevuta dawa alilia peke yake siku ile, lakini kosa lilikuwa la meza nzima. Tulikuwa tumekuwa kama wale vijana wa zamani wa ugonjwa wa usingizi: tulijua alama, tulisahau sababu. Tena sisi tulikuwa tumefundishwa sababu.

Siku ya nne mama alimwita mtoto kwa nyuma, kwa jina lake la nyumbani, akageuka. Kinini hufunga masikio, na mara nyingi huyafungua tena kikiisha kutoka mwilini. Tulikuwa tumeliandika hilo katika madaftari yetu mwaka mmoja mbele ya siku ile. Tangu wakati ule hakuna mmoja wetu aliyetaja tena «nusu ampuli» au «kidonge kimoja» bila kutaja miligramu.

Yambuku

Mwaka wa 1976 nchi yetu, iliyoitwa wakati ule Zaïre, ilipata somo kubwa kuliko letu, na kwa machozi mengi. Yambuku ni misioni ya Kikatoliki kaskazini, upande wa Bumba. Hospitali yake ilikuwa na vitanda 120, na Masista pamoja na wauguzi waliihudumia bila daktari wa kudumu. Tarehe 26 Agosti mtu mwenye homa alifika hapo, akadhaniwa kuwa na malaria, akachomwa shindano ya klorokini. Dawa ile haikuwa na kosa. Lakini kila asubuhi hospitali ilitoa shindano tano tu kwa kazi ya siku nzima, nazo zilisuuzwa kwa maji kati ya mgonjwa mmoja na mwingine. Ugonjwa mpya, ambao baadaye ulipewa jina la mto Ebola, ulipita kwa njia ya sindano zile. Watu 318 waliugua, na 280 wakafa. Kati ya watumishi 17 wa hospitali walikufa 11, na tarehe 30 Septemba hospitali ikafungwa.

Hatuandiki haya ili kuhukumu marehemu. Walikufa wakishika mikono ya wagonjwa, na sisi sote katika miaka ile tulifanya kazi kwa shindano chache. Tunayaandika kwa sababu yalibadilisha somo letu. Mbele ya hapo tulipojifunza njia za dawa, njia ya kinywa, ya msuli na ya mshipa, tulidhani ni habari ya upesi tu: dawa hufika upesi kwa mshipa, na polepole kwa kinywa. Wagonjwa nao walipenda shindano, wakidhani kidonge ni dawa ya wasiopendwa. Baada ya Yambuku tulielewa kwamba njia yenyewe ni sehemu ya dawa. Mgonjwa awezaye kumeza, ameze. Shindano isiyo ya lazima ni mlango uliofunguliwa bure.

Elimu isiyokwisha

Mwaka wa 1977 Shirika la Afya la Ulimwengu lilitoa orodha ya kwanza ya dawa za lazima. Kwa hospitali zetu maskini lilikuwa jambo la faida. Afadhali dawa chache zinazojulikana vizuri, kuliko kabati lililojaa chupa za zawadi ambazo hakuna anayejua kuzisoma.

Hata hivi dawa zilizojulikana vizuri zilitutoroka. Klorokini, tuliyoitumia miaka yote ya kazi yetu, ilishindwa polepole na vijidudu vya malaria. Mwaka wa 2001 serikali ya Kongo iliiondoa katika nafasi ya kwanza, ikaweka sulfadoksini pamoja na pirimetamini. Mwaka wa 2005 ikaweka artesunati pamoja na amodiakini. Tuliona wauguzi wazee, hodari wa kazi, wakiendelea kutoa klorokini kwa siri, kwa sababu ndiyo iliyowapa heshima katika ujana wao. Hatuwacheki. Ni vigumu kuacha dawa uliyoipenda.

Mfano wa mwisho umetoka Ituri. Kuanzia mwisho wa mwaka wa 2014 mpaka katikati ya mwaka wa 2015, watu zaidi ya 1.000 walifika katika vituo vya afya shingo zikikaza, uso ukipinda, ulimi ukitoka nje. Kwanza ilidhaniwa kuwa ni homa ya uti wa mgongo. Lakini waganga walioijua elimu ya dawa walikumbuka kwamba ziko dawa zinazokaza shingo namna hiyo, kama haloperidoli, dawa ya wagonjwa wa akili. Waliuliza wagonjwa wamemeza nini. Vilipatikana vidonge vya manjano vilivyouzwa kwa jina la diazepamu, na vilipopimwa vikaonekana kuwa na haloperidoli ndani. Aliyekariri jina la chupa angeendelea kuvitoa. Aliyejua sababu aliweza kusema: jina hili ni la uongo.

Neno kwa vijana

Vijana wa parokia mnaosoma uuguzi, ninyi mna vitabu vingi kuliko sisi, na simu zenu hubeba majina ya dawa zote za dunia. Tunafurahi. Ila simu haitakuamsha usiku kumwuliza mgonjwa wa streptomisini kama anasikia mlio masikioni. Someni maandiko ya chupa mara tatu: mnapoitoa kabatini, mnapovuta dawa, mnapoirudisha. Mkiona namba msiyoielewa, ulizeni, hata kama walioko mezani ni wakubwa kwenu. Nasi tulio wakubwa tukiulizwa, tusikasirike, maana mwanafunzi anayeuliza analinda mtoto wa mtu.

Nanyi Wakristu wote, msione vibaya kumwuliza muuguzi: dawa hii ni ya nini, ninywe kiasi gani, nikiona jambo gani nirudi? Ni haki yenu. Muuguzi anayejua atawajibu kwa furaha, na asiyejua atakwenda kuuliza.

Katika Jubilei hii tunawashukuru walimu wetu, walio hai na waliotangulia. Tunawakumbuka watumishi wa Yambuku. Tunamkumbuka pia mama yule wa chumba cha watoto, aliyerudi mwaka uliofuata na mtoto mwingine mwenye homa. Alipofika mlangoni alisimama, akatutazama mmoja mmoja, akasema: «Nimekuja kwenu tena. Safari hii mnisomee kwanza.» Tukamsomea.